Laini Ngapi?

Msusi aliniuliza swali hilo akiwa amekwisha kushika kitana, nami nikanyamaza. Ni maneno mawili tu, tena ya lugha niliyoinyonya kwa mama na kuifundisha shuleni kwa miaka kumi na minne, lakini jibu sikuwa nalo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Agosti 2019, katika soko la Kenyatta jijini Nairobi. Jana yake nilikuwa nimevuka mpaka wa Kenya kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, ila ualimu ulinipeleka Arusha. Miezi ile nilikuwa nikiandaa kijitabu cha msamiati kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili: maneno ya Kiingereza ya kila siku, na mbele ya kila neno maana zake kwa Kiswahili. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika herufi L, nikakutana na neno "line". Niliandika "mstari" nikapita. Usiku uleule nikarudi nikalikata. Kamba ya kuanikia nguo, kwa Mwingereza, ni "line". Mshipi wa kuvulia samaki ni "line". Reli, waya wa simu, mpaka wa nchi, mkunjo wa uso, mshororo wa shairi, nasaba ya wafalme, safu ya walinzi uwanjani, maneno ya mwigizaji jukwaani, watu waliosimama wakingoja maji bombani: vyote hivyo hubeba jina hilohilo moja. Baba yangu alikuwa mvuvi. Namkumbuka akiwa amekaa kizingitini jioni, akifumua mshipi uliojifunga mafundo, meno yakisaidia vidole. Nikajiuliza angenitazama vipi laiti ningeuita ule mshipi wake mstari.

Kiingereza ndivyo kilivyo, hulitwisha neno dogo mzigo mkubwa. Wahariri wa kamusi ya Oxford walipolipitia upya neno "run", walipata maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Kabla ya hapo aliyetajwa kuwa bingwa ni "set", lililokuwa na maana 430 katika toleo la 1989. Wala sisi tusijione tumeepukana na jambo hilo. Sisi hupiga simu, pasi, picha, mswaki, magoti, hodi, kura na chafya, na katika hayo yote hakuna konde wala fimbo. Tofauti ni kwamba mtoto wa Kiswahili anayajua hayo ya "piga" kabla hajaanza shule, na hayo ya "line" nilitakiwa mimi nimfundishe.

Basi nikiwa katika hali hiyo, ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyeolewa Nairobi na kukaa mtaa wa Ngumo, akaniita kwenye harusi ya binti wa wifi yake. Nililitia daftari la msamiati mkobani, pamoja na kitenge cha harusi.

Tuliondoka Arusha alfajiri. Barabara inakwenda kaskazini, inapita Longido chini ya mlima wake, halafu nyika inafunguka na ng'ombe wa Wamaasai wanaonekana mbali kama kokoto zilizotawanywa. Baada ya kilomita mia moja na ushei tukafika Namanga.

Mpaka ule una historia ambayo kila mwalimu wa historia wa Tanzania ameifundisha. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana Ulaya kugawana nchi zetu, wakachora mstari kutoka pwani karibu na Vanga hadi ziwa kubwa la Nyanza. Ukiutazama kwenye ramani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, isipokuwa unapofika Kilimanjaro: hapo unapinda, ukauacha mlima wote upande wa Wajerumani. Nilipokuwa nikifundisha, nilikuwa naonyesha ule mstari ubaoni kwa chaki. Nilipofika penyewe, mstari haukuwepo. Kulikuwa na jengo kubwa la pamoja, lililozinduliwa rasmi Desemba 2018 na marais wa nchi mbili, ambamo ofisa wa Tanzania na wa Kenya wanakaa jirani, ukigongewa muhuri wa kutoka unasogea hatua chache kugongewa wa kuingia. Kiswahili kinapaita hapo mpaka. Neno hilohilo ndilo tunalosema "mpaka kesho", "mpaka nyumbani". Mwisho wa nchi na mwisho wa safari vimeitwa jina moja, na sijui lugha ngapi duniani zimeliona hilo.

Ndani ya jengo tulikuwa wengi. Kijana mmoja wa usalama upande wa Kenya akapaza sauti: "Pangeni laini! Laini moja hapa!" Mama wa Kitanzania aliyekuwa nyuma yangu akawageukia wenzake: "Jamani, tupangeni foleni." Maneno mawili yakatoka, kitendo kikawa kimoja, na wote tukasogea. Nikajisikia fahari ndogo moyoni kwamba yule mama ametumia Kiswahili na yule kijana amechukua cha Mwingereza.

Fahari hiyo haikuwa na msingi. Niliporudi nyumbani nililifuatilia lile neno, nikakuta kwamba foleni nayo imetoka Kiingereza. Ni amri ya gwaride, "fall in", waliyoamrishwa askari wa Kiafrika wajipange. Wakaondoka nayo kambini, wakaileta mitaani, na leo tunaitumia hata kwa magari yaliyokwama barabara ya Morogoro. Mwingereza mwenyewe, anayejulikana duniani kwa kupanga foleni kwa utaratibu, haiiti "line" bali "queue", na hilo kalitwaa kwa Wafaransa, ambao kwao ni mkia. Anayesema "line" kwa foleni ni Mmarekani zaidi. Kwa hiyo pale Namanga yule mama na yule kijana walikuwa wamesimama upande mmoja, na mimi ndiye niliyewatenganisha kichwani mwangu.

Tukatoka nje. Chini ya mwavuli mkubwa kulikuwa na mwuza kadi za simu. "Laini, mama? Laini ya Safaricom?" Hili halikunishangaza, kwa sababu hata Arusha tunasema laini ya simu, laini ya Voda, laini imefungwa. Lakini safari ina kawaida ya kukufanya ukitazame upya ulichokizoea. Nilikishika kile kikadi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hakina urefu. Hakinyooki wala hakifungi kitu. Kimeitwa laini kwa sababu zamani simu ilikuwa na waya, na waya ule Mwingereza aliuita "line". Baadaye jina likahama kutoka kwenye waya likaenda kwenye namba, kutoka kwenye namba likaenda kwenye kadi. Waya umeondoka, jina limebaki na mrithi asiyefanana hata kidogo na marehemu. Niliandika hayo daftarini nikiwa nimesimama juani.

Kutoka Namanga hadi Nairobi ni Kajiado, Kitengela, halafu Athi River, na hapo unaingia barabara ya Mombasa. Kabla ya jiji kuna mji mmoja uliokaa kandokando ya barabara, kelele tupu, malori mengi. Nikamuuliza abiria mwenzangu panaitwaje. "Mlolongo," akasema. Malori ya mizigo yalikuwa yakijipanga pale yakingoja mizani, na mji ukaitwa hivyo. Mzee huyo aliyekaa dirishani akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kwa mtu wa umri wake neno hilo lina maana nyingine. Mwaka 1988 chama cha KANU kiliwateua wagombea wake kwa mlolongo: wapiga kura walisimama nyuma ya mtu wao au nyuma ya picha yake, hadharani, wakahesabiwa vichwa. Kwingi mstari mfupi ulitangazwa mshindi na mrefu ukashindwa. Mzee alisema alisimama katika ule mrefu. Hakuniambia zaidi, nami sikumchokonoa. Ila nilijua kwamba kijitabu changu kikiandika "mlolongo: watu au vitu vilivyofuatana", kitakuwa hakijamwambia mwanafunzi kile Mkenya wa miaka sitini anachokisikia neno hilo linapotamkwa.

Ngumo tulifika jioni. Ndugu yangu aliniangalia kichwani kabla ya kuniangalia usoni. "Dada, kesho asubuhi Kenyatta Market. Huwezi kwenda harusini hivyo."

Asubuhi ile nilianza na mjini kati kwa sababu ya shughuli ndogo ya kubadili fedha, kisha nikarudi kwa matatu. Gari lilipanda Upper Hill, katikati ya majengo ya vioo, likapita jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Soko halipo mbali na hospitali. Liko ndani kidogo ya barabara ambayo wengi bado huiita Mbagathi, limezungukwa na mitaa ya makazi, upande mmoja Golf Course, upande mwingine Ngumo. Mtu anayetarajia soko kubwa la nyanya na vitunguu atashangaa. Mboga zipo, na washonaji wapo, na viatu, na vitambaa. Lakini Mnairobi akikuambia anakwenda Kenyatta Market, huwa anafuata mojawapo ya mambo mawili: kusukwa nywele au kula nyama choma.

Hujafika langoni wameshakuona. Wasusi wanawajia wateja nje, wakiwa na picha za misuko mikononi. "Madam, kuja nikusuke." "Sister, tuko wawili, tutamaliza haraka." "Auntie, usipite, angalia hii staili." Mtu asiyezoea anaweza kuchoka kabla hajaketi. Mimi nilimfuata mwanamke mmoja wa makamo kwa sababu hakunishika mkono. Alisimama tu na kunitazama nywele kama fundi anavyotazama ubao. Tukaingia. Njia ni nyembamba, vibanda vimebanana, viti vya plastiki vimepangwa hadi njiani. Wateja wameketi na vichwa vimeinama, na kila kichwa kina wasusi wawili au watatu, kila mmoja na upande wake, mikono ikienda bila macho kuifuata. Mazungumzo yanapita juu ya vichwa: bei ya unga, mume wa fulani, karo ya shule. Kutoka upande wa pili unakuja moshi wa nyama, unaingia katika nywele zilizooshwa sasa hivi, na hakuna anayelalamika.

Akanikalisha, akafungua kilemba, akapitisha vidole. "Nywele mingi," akasema, kwa kuridhika. "Sasa, ni rasta ama laini?"

Rasta nilielewa. Na laini nilielewa pia, au nilidhani hivyo. Tangu utotoni ngozi ya kichwa changu haivumilii kuvutwa. Mama alikuwa akinisuka Alhamisi jioni na mimi nikilia mpaka majirani wanachungulia. Nikamshukuru Mungu kwa kupata msusi anayeuliza. "Laini, dada," nikamwambia. "Tena laini kabisa, usinivute."

"Sawa. Laini ngapi?"

Ndipo niliponyamaza. Upole hauhesabiki. Hakuna laini mbili wala laini kumi, kama ambavyo hakuna tamu saba. Lakini mwanamke yule alikuwa anangoja namba, kitana kiko hewani, na mwenzake upande wa kushoto tayari ameshika fungu la nywele. Nikatambua, polepole, kwamba kivumishi nilichokijibu mimi na nomino aliyoiuliza yeye ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja. Mimi nilikuwa nimeomba ulaini. Yeye alikuwa ananiuliza idadi ya misuko ile inayolala kichwani kutoka pajini hadi kisogoni, ambayo Nairobi wanaiita laini.

Mimi nilimweleza, naye akawaeleza wenzake, na kibanda kizima kikaanza kufundishana. Mmoja akasema laini na matuta ni kitu kimoja, inategemea mama yako alikuwa anasemaje. Matuta! Neno hilo nalo ninalo, nikawaambia, ila kwetu matuta ni ya viazi vitamu shambani, au yale ya barabarani yanayopunguza mwendo wa magari. Nao wakasema yale ya barabarani hata wao wanayaita hivyo. Nikawaongezea kwamba Tanzania mechi ikiisha sare katika fainali, timu hupigiana matuta, yaani penalti. Hilo hawakuwa nalo. Wakaniuliza msuko huu wa kwenda nyuma tunauitaje. Nikawaambia ule wa haraka kabisa, usio na mapambo, huitwa twende kilioni, kwa sababu ukipata habari ya msiba unasukwa huo upesi uwahi matanga. Walinyamaza kidogo, kisha yule wa makamo akasema ni jina zuri, ingawa hawezi kumsuka nalo bibi harusi. Tukapatana laini kumi na mbili.

Alianza kazi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonipa faida kuliko yote ya safari ile. Alikuwa anatumia mkia wa kitana kugawa nywele, akitoka mbele kwenda nyuma kwa mkono mmoja usiotetemeka. Mwenzake mdogo upande wa pili alikuwa bado anajifunza, na yeye akamkemea: "Huo mstari umepinda. Mstari ukipinda, laini itapinda." Nikamwomba arudie. Alishangaa kwa nini nauliza jambo lililo wazi. Akanipa kioo, akanionyesha kwa ncha ya kitana. "Laini ni hii nywele. Mstari ni hapa ngozi inaonekana, katikati ya laini na laini."

Msusi huyu alikuwa na maneno mawili kwa kile ambacho Mwingereza angekiita kwa moja. Neno la zamani, mstari, lililotujia kwa Kiarabu, analitumia kwa alama: kile kinachochorwa, kinachogawa, kisicho na unene. Neno jipya, laini, analitumia kwa kitu chenyewe: kinachoshikika, kinachohesabika, kinacholipiwa. Hakuna baraza lililomwelekeza afanye hivyo. Neno geni lilikuja, likakuta la zamani liko kazini, na badala ya moja kulifukuza jingine, yakagawana kazi. Nimesoma makala nyingi za watu wa lugha zikililia Kiswahili cha Nairobi kwamba kinameza Kiingereza kizimakizima bila kutafuna. Ningependa waandishi wa makala hizo wakae kwenye kiti kile kwa saa tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wale wanawake hawakuhitaji kulijua, lakini mimi lilinifurahisha nilipolipata baadaye. Neno "line" lenyewe, ukilifuata hadi kwenye Kilatini, linatoka kwenye jina la kitani, ule mmea unaotoa nyuzi za nguo. Maana yake ya kwanza ilikuwa uzi wa kitani. Mafundi walivuta uzi ili wapate unyoofu, na kutoka kwenye uzi likaja lile la mstari, la foleni, la reli na mengine yote. Sasa pale sokoni, mwanamke aliye na nyuzi vidoleni analitumia kwa kitu kilichosokotwa. Neno limezunguka dunia kwa miaka elfu mbili na kurudi karibu kabisa na lilikozaliwa.

Saa saba mchana ndugu yangu akaja kunichukua tukale. Tukavuka upande wa nyama. Huko mapande yananing'inia kwenye ndoano, unachagua mbavu au mguu, unapimiwa kwa kilo, inawekwa juu ya makaa, nawe unangoja. Ikiiva inakatwakatwa juu ya ubao mbele yako, na chumvi inaachwa pembeni kama kichuguu kidogo, pamoja na kachumbari na ugali. Mchomaji, mzee wa Kikamba mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani, akabonyeza pande moja kwa kidole. "Hii chukua, mama. Hii ni laini."

Nikaangua kicheko na ndugu yangu akadhani nina homa. Hatua hamsini kutoka kwa wasusi, laini iliyotoka Kiarabu, kile kivumishi nilichokua nacho, ilikuwa hai na ina afya, inauza nyama. Katika soko lilelile, chini ya moshi uleule, kuna laini za kuhesabu na kuna ulaini wa kutafuna, na hakuna Mnairobi hata mmoja anayechanganyikiwa, kwa sababu sentensi yenyewe inamwambia lipi ni lipi. Aliyechanganyikiwa ni mgeni aliyebeba neno moja akidhani anayo yote.

Baada ya kula, ndugu yangu alitaka kupitia kwa fundi wake wa cherehani aliye karibu na Kibera, akanichukua kwa miguu. Tulitembea kando ya barabara ya Mbagathi, na upande wa pili mabati yakaanza, yenye kutu, yamebanana hadi upeo wa macho. "Hapa panaitwa Laini Saba," akasema.

Nilisimama. Baada ya asubuhi ile sikuweza kulipita jina kama hilo. Fundi alikuwa mzee, mwenyeji wa miaka mingi, nikamuuliza. Alisema alivyosimuliwa yeye, zamani hapo palikuwa uwanja wa askari wa kujifunzia shabaha, na palipimwa kwa mistari. Mstari wa hapo ulikuwa wa saba. Historia ya jumla inakubaliana naye kwa kiasi kikubwa: Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na jina lenyewe limetoka katika lugha yao, kibra, maana yake msitu. Msitu haupo tena, wala walengaji. Ipo reli ielekeayo Kisumu, inayopita katikati ya vibanda, na watu wanaitumia kama njia ya miguu kati ya treni na treni. Ndani ya jina la kijiji hicho kimoja, "laini" ya Mwingereza na "saba" ya Mwarabu zimeoana, wakazi wakazaa humo watoto wanaojibu "natoka Laini Saba" bila kufikiri kwamba wamesema neno la kigeni. Na kweli hawajasema.

Baadaye, nilipokuja kuijua ile amri ya gwaride iliyotupa foleni, nikapakumbuka pale. Ni askari walewale. Jeshi moja la wakoloni liliwaacha Watanganyika na foleni, Wanairobi na Laini Saba, na kila upande umesahau bunduki ukabaki na neno.

Niliporudi Arusha niliuchana ukurasa wa "line" nikauandika upya. Sikuweka tena orodha ya visawe, kwa sababu orodha humfanya mwanafunzi adhani mshipi, foleni na nasaba ni vitu vya aina moja anavyoweza kubadilishana. Niliuliza kitu hicho kinafanya kazi gani. Kama kinafunga au kuvuta, ni kamba, uzi, waya au mshipi. Kama kinatenga, ni mpaka. Kama kinapanga watu wakae wakingoja zamu, ni foleni au mlolongo. Wakikaa tayari kwa kazi au vita, ni safu, au mstari, kama tulivyoziita Nchi za Mstari wa Mbele wakati Mwalimu Nyerere akiongoza umoja wao dhidi ya ubaguzi wa kusini. Kama ni shairi ni mshororo, na kijana wa muziki wa kufoka atakuambia ni mistari. Kama ni damu ya wazee waliotangulia, ni nasaba au ukoo. Chini kabisa nikaweka ingizo la laini, nomino, na maana nilizozisikia kwa masikio yangu: kadi ya simu; foleni, hasa Kenya; msuko wa nywele unaolala kichwani, Nairobi. Na mbali nalo, ingizo jingine linalojitegemea: laini, kivumishi, siyo -gumu.

Mwalimu mwenzangu aliyeupitia mswada aliniambia niliondoe lile la nywele, kwa kuwa si sanifu. Sikuliondoa. Linatamkwa kila siku na watu wanaojipatia riziki kwalo, lina wingi wake, lina upatanisho wake wa kisarufi, lina mpaka wa maana unaolitenga na mstari. Sijui neno linatakiwa kuwa na kitu gani zaidi ili liingie kitabuni.

Ombi langu ni kwa wanaotunga kamusi zetu, walioko Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Mwende Kenyatta Market na daftari. Mkifika langoni wasusi watawaita. Kubalini kuketi, na mtakapoulizwa laini ngapi, msiwarekebishe. Waulizeni nao maswali, muyaandike majibu yao jinsi wanavyoyatamka.